Mkono wa Kushoto wa Manase

Yakobi,
kwa Posta ya Njombe,
Tarehe 22 Julai, 1956.

Kwa Hezekia,
Shamba la Mkonge,
Korogwe.

Mpendwa mdogo wangu Hezekia,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na kamwene ya mama iwe ya kwanza. Hujambo? Homa za huko bondeni zimekuachia? Na ule mkono uliochomwa na mwiba wa mkonge, umekauka au bado unakusumbua? Elieza mume wangu anasema usiupake mafuta ya taa kama ulivyoandika wakati wa Pasaka, uoshe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mimi sijui, lakini ukimsikiliza yeye, basi usinilaumu mimi.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ila baridi, ndugu yangu! Mwaka huu imetukalia kooni. Ukiamka asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi, na watoto wanagombania mahali pa kukaa jikoni. Mama magoti yanamuuma mpaka jua litoke, na jua likishatoka hakamatiki, anashinda shambani kwenye pareto. Noela wetu ameota meno mawili na anamuuma kila anayemkaribia, hata mchungaji alipokuja kumbariki.

Nilikusudia nikugombeze kwanza. Tangu Pasaka hatujaona hata mstari wako mmoja, kama vile Korogwe hawauzi stempu. Lakini leo sina moyo wa kugomba. Nina furaha imenijaa hadi nashindwa kushika kalamu vizuri, na ukiona mwandiko umepinda ujue sababu ni hiyo.

Neno lenyewe ni hili: usimngoje Manase. Najua katika barua iliyopita tulikuandikia kwamba mdogo wetu ameandikishwa kwa wakala wa manamba aje kukata mkonge kama wewe, na tukakuomba umpokee, umtafutie kitanda karibu nawe. Usiende kumtafuta kwenye malori. Hakupanda. Yuko hapa Yakobi, na sasa hivi ninavyoandika namsikia nje anapasua kuni za mama, anapiga mluzi kama mwenye nyumba.

Sasa kaa vizuri nikueleze.

Kanisa letu jipya lilipokwisha kujengwa, kazi ya Manase nayo iliisha. Wewe hukuiona kazi ile. Alikuwa akisimama chini kwenye rundo la matofali, na fundi Anyisile, yule Mnyakyusa aliyeoa Mlangali, akiwa juu ya ukuta. Manase anarusha tofali, linapaa, linafika mkononi mwa Anyisile bila Anyisile kugeuka kutazama. Ukuta ukiwa mfupi au mrefu, tofali lilifika palepale penye kiganja. Mafundi wengine walilalamika kwamba warushaji wao wanawavunja vidole, Anyisile akawa anawacheka.

Naye alirusha kwa mkono wa kushoto, kama unavyomjua. Bibi, Mungu amrehemu, alimfunga mkono ule kwa kitambaa kila wakati wa kula mpaka akajifunza kushika tonge kwa kulia. Mwalimu akamalizia kazi kwa fimbo. Akajifunza kula, kuandika na kusalimia kwa kulia, na hajawahi kumpa mtu kitu kwa kushoto, maana ni dharau na anajua. Lakini kazi ya nguvu ilibaki huko huko kushoto. Mafundi hawakujali, kwao tofali ni tofali.

Kwenye shamba la miwati, ile miti ya magome, walijali. Alikwenda kuomba kazi ya kumenya magome, nyapara akamtazama anavyoshika panga, akamwambia arudi nyumbani. Huko watu wanafanya kazi kwa mstari, mapanga yote yanapita upande mmoja, na mwenye shoto atamkata jirani yake. Hata mimi naona nyapara hakukosea sana, ingawa siku ile nilimtukana kimoyomoyo. Manase akarudi mara ya pili akiahidi kutumia kulia, akafukuzwa tena kwa sababu alikuwa anamenya gome moja wenzake wanamaliza mti. Ndipo akaenda kwa wakala wa manamba akatoa jina.

Mama hakulia. Alinyamaza, na wewe unamjua mama akinyamaza. Anapika, anateka maji, anapalilia, hasemi. Jioni moja tu alisema, akiwa anachambua maharage, kwamba Makambako imekwisha kummeza mtoto mmoja na sasa inataka wa pili. Tangu siku uliyopandia lori lako pale, hajakanyaga Makambako, hata kwa soko.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo mambo yanapoanza kuwa matamu.

Kwenye shamba la miwati kuna Mmarekani mmoja, Bwana Wolta, anayesimamia matrekta. Amewaletea wafanyakazi mchezo wa kwao unaoitwa besiboli. Siku ya kucheza wanalipwa mshahara wa siku nzima kama waliofanya kazi, na mimi niliposikia hivyo ndipo nilipoanza kuuheshimu mchezo wenyewe. Mwanzo niliuona ni wazimu wa kizungu, leo ungenisikia ninavyoueleza sokoni ungedhani nilizaliwa nao.

Uko hivi. Mtu mmoja anasimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu cha udongo. Huyo ndiye mrushaji, ana mpira mdogo mgumu wa ngozi. Mbele yake anasimama mtu wa upande wa pili ameshika gongo, anataka kuupiga. Nyuma ya mwenye gongo anachuchumaa mdakaji, rafiki wa mrushaji, amevaa glovu nene. Mwenye gongo akiukosa, au akiuacha upite mbele ya kifua chake, mara tatu, ametoka. Wakitoka watatu, pande zinabadilishana. Akiupiga, anakimbia kuzunguka magunia yaliyowekwa uwanjani, na akirudi salama pale alipoanzia, upande wake umepata moja. Kuna mengine mengi, lakini hata Bwana Wolta akiyaeleza watu hulala.

Jumamosi ya wiki iliyopita watu wa miwati wa Njombe walikuwa wacheze huko Makambako na watu wa barabara. Hao watengenezaji wa barabara wanaongozwa na mzee Romanus, msimamizi wao, Mkatoliki mmoja mwenye mabega ya kufungia mlango. Walikuwa wametufunga kila tulipokutana. Na siku mbili kabla, mrushaji wetu Nahumu akaangukiwa na gogo kidoleni. Anyisile siku hizi anajenga nyumba za wafanyakazi huko huko kwenye miwati, na ndiye mdakaji. Akamwambia Bwana Wolta kwamba Yakobi kuna kijana anayeweza kurusha, ila Jumatatu anaondoka na lori la manamba. Bwana akajibu: mlete, na kama anaweza kweli, nitampa kazi kwangu kwenye matrekta, na nyapara wa magome asiulizwe.

Manase aliniambia mimi peke yangu. Hakutaka mama ajue, asije akainuliwa moyo halafu ukaangushwa. Akamuaga mama siku ile kama mtu anayekwenda Korogwe, kwa sababu wanaosafiri walitakiwa kukusanyika kambini Makambako Jumamosi. Alibeba kifurushi chake, na kule akapewa blanketi na sweta la manamba kama mlivyopewa ninyi. Akaviweka vyote ndani ya lori. Na lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa kando ya uwanja, Hezekia, hatua chache tu kutoka pale alipokuwa anasimama kurusha. Kila akiinua macho analiona.

Mimi nilikuwa nimekwenda na viazi vyangu sokoni. Nilisogeza gunia mpaka ukingoni mwa uwanja, nikakaa karibu na Mama Oktavia, mke wa huyo mzee Romanus, aliyekuwa anauza usipa, wale dagaa wa Manda. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto, kisha kila mmoja akaanza kuombea upande wake. Upepo wa Makambako unaujua, vumbi lilikuwa linatuingia hadi kwenye meno.

Mchezo ulianza vibaya. Manase alisimama pale juu ya kichuguu, akatazama wazee waliojipanga, akatazama watu wa heshima na mwalimu Tarsis wa misheni ya Wakatoliki aliyekuwa mwamuzi, na akarusha kwa mkono wa kulia! Mpira ulikwenda kama wa mtoto anayejifunza. Watu wa barabara waliupiga hadi wakachoka. Wakapata moja, wakapata la pili, mzee Romanus naye akaupiga ukaenda hadi kwenye mikaratusi, akazunguka magunia yote kwa mwendo wa matembezi, na hilo likawa la tatu. Bwana Wolta alivua kofia akaanza kuikunja. Mimi nilijifunika uso kwa kanga. Nilikuwa naliona lile lori hata nikiwa nimefumba macho.

Ndipo Anyisile akaondoka nyuma akamwendea. Alisema kwa sauti, sote tulisikia.

“Manase, mimi niko juu ya ukuta. Nirushie tofali.”

Basi. Manase alivua glovu, akaihamishia mkono wa kulia, ikakaa kichwa chini miguu juu kwa sababu ilishonwa kwa watu wengine. Akashika mpira kwa kushoto. Mwenye gongo alikuwa dereva mmoja wa lori la kokoto, kijana mwenye maringo. Manase akajikunja, akaachia, na nakuapia sikuuona mpira. Nilisikia tu glovu ya Anyisile imelia paa! Dereva akazungusha gongo baada ya mpira kuwa umekwisha kulala. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alizungusha mapema, ili asichelewe tena, na mpira ukamjia polepole umepinda, ukampita tumboni. Akatoka. Aliyemfuata akatoka, na wa tatu akatoka. Nilipiga kigelegele mpaka Mama Oktavia akasogeza usipa wake mbali nami.

Lakini mzee Romanus hakuwa mjinga. Zamu yao iliporudi, alikuja yeye mwenyewe wa kwanza. Akasimama, akamwona Manase ameinua mkono wa kushoto, akalaza gongo chini.

“Mimi?” akasema. “Mimi nitupiwe kitu kwa mkono wa kushoto, na mtoto ambaye ningeweza kumzaa? Mbele ya mke wangu? Sichezi matusi.”

Akaenda kukaa, na watu wake wote wakakaa. Na lililoniuma ni kwamba hata wazee wa upande wetu walianza kutikisa vichwa na kusema ni kweli, si adabu. Manase mwenyewe aliuachia mpira ukaanguka, akainama kama mtu aliyepigwa kofi. Ningeweza kuapa kwamba alikuwa anataka kuliendea lori palepale.

Bwana Wolta hakuelewa kitu. Anyisile alimweleza, akaelezwa tena, macho yakamtoka. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika kwamba kwao mtu wa kushoto kama huyu anatafutwa nchi nzima, na akipatikana mama yake anapelekewa zawadi. Wazee walimsikiliza kwa heshima, hawakumwamini.

Mwalimu Tarsis alikuja katikati, mikono nyuma. Kisha akatoa hukumu, na mimi nitamheshimu Mkatoliki yule hadi nizikwe. Alisema: mtu akiwa na mzigo mkono wa kulia akakupa kitu kwa kushoto, anafanya nini? Anaomba radhi. Anasema, samahani, kushoto. Nawe unajibu, haidhuru, unapokea. Kijana huyu mkono wake wa kulia umeshikwa na glovu. Basi kila anaporusha aombe radhi kwanza, na mwenye gongo ajibu, na tusisikie tena habari ya matusi.

Wazee wakasema hapo sawa. Mzee Romanus akainuka, akaokota gongo lake.

“Samahani mzee, kushoto,” akasema Manase, ameinama.

“Haidhuru,” akajibu mzee.

Sasa Hezekia, wewe umelelewa nyumba hii, unajua mtu wetu anavyojibu mtu anayemwomba radhi. Hajibu kwa mdomo tu. Anainama kidogo, anaweka mkono kifuani. Mzee Romanus ana adabu zake, akaachia gongo mkono mmoja, akaweka kifuani, akasema haidhuru. Alipolirudishia gongo mkono wa pili, mpira ulikuwa umekwisha kupita na Anyisile anaufuta vumbi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mara ya pili vilevile, na ya tatu vilevile. Na kila aliyekuja baada yake alifanya hivyohivyo! Mkono unaondoka wenyewe, wameuzoea tangu utotoni. Dereva wa kokoto ndiye aliyejitahidi kuubana, lakini kiwiliwili kikainama, akapiga gongo ardhini.

Basi mzee Romanus akawaamuru watu wake wasijibu tena. Akaja kijana mmoja mrefu, Manase akamwomba radhi, kijana kimya, ameng'ang'ania gongo. Hapo Mama Oktavia akainuka kwenye usipa wake. Ukingo wote ulitetemeka.

“Wewe! Mtoto wa watu anakuomba radhi, unamkazia macho kama gogo? Mama yako alikulea au alikuokota?”

Kumbe ni mtoto wa dada yake! Wanawake wote wakaungana naye, wa kwao na wa kwetu, Walutheri na Wakatoliki, kijana akazomewa hadi akaona aibu. Akainama, akaweka mkono kifuani, akasema haidhuru tatu kwa mpigo ili kulipia deni. Akatoka kama wenzake. Mzee Romanus alimtazama mke wake kwa jicho moja, akarudi kukaa, na mimi nikaelewa nani anayesimamia barabara ile kweli.

Nisikufiche, upande wetu nao ulifanya kazi. Kidogo kidogo tulifuta yale matatu, na zamu ya mwisho kabla ya kumaliza Anyisile aliupiga mpira ukaingia chini ya lori la manamba. Wakati watu wa barabara wanatambaa kuutafuta, yeye akazunguka magunia yote. Tukawa na manne. Wale waliokuwa wanasubiri safari walikuwa wamekaa juu ya lori wakitazama, wakapiga mabati kwa viganja.

Zamu ya mwisho. Manase akawatoa wawili haraka. Wa tatu akaja mzee Romanus, na akiupiga kama ule wa kwanza, mchezo unakuwa sawa na moto unaanza upya. Mzee alivua koti, akampelekea mke wake alishike. Akasimama imara, akamwambia Manase hivi:

“Kijana, nakujibu zote sasa hivi. Haidhuru, haidhuru, haidhuru. Umesamehewa kushoto kwako kote. Usiniombe tena. Subiri nishike gongo langu kwa mikono miwili, halafu urushe tuone.”

Hapo ndugu yangu niliacha kushangilia, nikaanza kuomba. Maana yale ya nyuma wangeweza kusema ni adabu iliyowaponza. Sasa mzee amejiweka huru, ameshika gongo, na ana nguvu kuliko wote. Manase alikubali kwa kichwa. Akangoja. Akangoja hadi mzee mwenyewe akasema, haya.

Wa kwanza aliurusha kwa nguvu zake zote. Mzee alizungusha kwa nguvu zake zote pia, kofia ikamtoka, na mpira ukawa kwa Anyisile. Wa pili ulikuja ukiwa nje kabisa, mbali na mzee, hata mimi niliona umepotea. Mzee akauacha upite. Ghafla ukageuka, ukaingia ndani, ukapita mbele ya kifua chake. Mwalimu Tarsis akanyoosha vidole viwili. Mzee alimtazama mwalimu, akatazama mpira, akacheka peke yake.

Wa tatu Manase hakuuharakisha. Alimtazama Anyisile kama alivyokuwa akimtazama juu ya ukuta. Nilimwona anapumua. Sijui alifikiri nini, sikumuuliza na sitamuuliza. Akaachia. Gongo la mzee likavuma, nikasikia upepo wake, na baada ya gongo nikasikia glovu. Paa!

Hezekia, nilipiga kelele. Nilirusha kanga, sijui ilianguka wapi. Nilimkumbatia Mama Oktavia na koti la mumewe, naye akanikumbatia akisahau kwamba tumewafunga. Tangu alipohamia mkono wa kushoto, hakuna mtu hata mmoja wa barabara aliyefika kwenye gunia la kwanza. Hata mmoja! Bwana Wolta alikuwa anarukaruka kama mtoto, akampa mkono kila aliyekuwa karibu, pamoja na mbuzi wa jirani ningesema kama ningekuwa mwongo.

Mzee Romanus alilaza gongo taratibu, akamwendea Manase. Akanyoosha mkono. Akanyoosha wa kushoto, Hezekia. Mzee yule, mbele ya watu wake.

“Samahani, kushoto,” akasema.

Manase aliinama. Akasema, “Haidhuru, mzee,” wakashikana kushoto kwa kushoto. Nami nimeolewa, nimezaa na kumzika baba yetu, lakini sikumbuki kulia kama nilivyolia pale.

Bwana Wolta akamwambia mbele yetu sote kwamba Jumatatu saa ya kuanza kazi awe kwenye matrekta. Basi Manase akalikaribia lori. Akashusha kifurushi chake. Blanketi na sweta akavikunja vizuri, akamrudishia karani wa wakala kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote. Karani alinuna, lakini Manase alikuwa hajatia kidole kwenye mkataba, hilo lilikuwa lifanyike Jumatatu. Wale waliokuwa juu ya lori walimpigia makofi. Mmoja wa Mlangali, kijana wa rika lake, akamwambia, kaa wewe, utukalie na sisi. Alikuwa anacheka, lakini Manase hakucheka, na mimi nilikukumbuka wewe ulivyokuwa umekaa juu ya lori kama lile, ukijifanya huoni tunavyolia.

Viazi vyangu niliviacha wazi wakati wa kelele, na mbuzi niliyemtaja alikuwa wa kweli kabisa, alikwisha kula debe zima. Mama Oktavia alinifungia usipa bila kutaka kitu, akisema nimpelekee mama wa kijana yule.

Tulifika Yakobi jua likiwa linazama. Mama alikuwa anaanua pareto. Alipomwona Manase ana kifurushi begani alisimama, akabana ungo kifuani. Akauliza polepole kama wamemkataa, kama ni mgonjwa.

“Hapana, mama,” akasema Manase. “Mimi ndiye niliyewakataa.”

Mama hakuuliza nani amefunga nani. Nilianza kumweleza habari za mpira na magunia, nikaruka huku na huku uani nikimwonyesha, akaniambia ninyamaze, ninamzibia, hajamaliza kumtazama. Kisha akaingia jikoni na kusonga ugali wa watu kumi. Wakati wa kula, Manase alisahau akapokea bakuli la usipa kwa kushoto. Mama aliuona mkono ule, akauzidishia mchuzi.

Jumatatu alikwenda kazini, na amekwenda kila siku wiki nzima. Anarudi ananuka dizeli na anaringa kidogo, tunamwachia. Nyapara wa magome alipita akamwona juu ya trekta, akamwambia aliona tangu mwanzo kwamba ni kijana wa kazi. Manase akamjibu ahsante. Mimi ningejibu vingine.

Watu wa barabara wametaka turudiane mwezi ujao, safari hii hapa Njombe. Nasikia mzee Romanus anawazoeza watu wake kusema haidhuru bila kuachia gongo, na mkewe anasimamia mazoezi.

Sasa neno la mama. Nilipomwambia nakuandikia, aliketi hapa kwenye kigoda tangu mstari wa kwanza, na habari zote za ushindi amezisikia kwa utulivu. Anafurahi, uso wake umerudi kuwa uso. Lakini niliposema, mama, tumshukuru Mungu amekurudishia mtoto, alisema ndiyo, mmoja. Kisha akaniamuru niandike maneno yake bila kuyapamba, nami nayaandika:

“Mwambie Hezekia nimejifunza kwamba mtu anaweza kushuka kwenye lori lile. Mkataba wake ukiisha, asitie kidole tena.”

Anyisile anakusalimu, na Bwana Wolta, asiyekujua, anauliza kama na wewe unatumia kushoto. Nilimwambia hapana, wewe una kulia tu, lakini ni ndugu yake Manase na unakimbia. Akasema mtu wa kukimbia naye anamtaka. Elieza anakusalimu, Nahumu mwenye kidole anakusalimu, Noela angekuuma kwa upendo. Manase anasema kile kitanda ulichomtafutia umpe kijana wa Mlangali akifika huko, umpokee kama ungempokea yeye.

Mungu akufunike kwa mkono wake, akulinde na homa na miiba, akuongoze kwenye njia inayopanda kuja kwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ambaye mama amemsimamia mpaka herufi ya mwisho,

Tabea